Nyumba ya Sifa za Fisi

"Jamani, nibishe hodi au nipite?"

"Bisha, tupo!"

"Nimekuja na mlafi!"

"Mlete, chakula tumeficha!"

Haya basi. Hapo kale, juu ya majabali, aliishi Mama Pelele. Pelele mnamjua: kinyama kidogo cha mviringo, hana mkia, maneno yake mengi kuliko mwili wake. Alikuwa na watoto watatu na pango moja, na pango lenyewe lilikuwa zuri hasa. Wakati wa jua lina ubaridi, wakati wa mvua halivuji. Watoto walilala humo wamelundikana, na mama yao hakuchoka kuwatazama.

Siku moja, tuku-tuku-tuku, akaja Fisi.

"We Pelele!"

"Abee, Bwana Mkubwa."

"Pango hili nimelipenda."

"Ahsante, bwana."

"Sijakusifia. Nakwambia uhame."

Loo! Nje kuna mwewe, nje kuna chatu, na watoto bado wadogo. Lakini Pelele akiogopa, ndipo ulimi unapoamka.

"Kuhama si tabu, bwana. Ila mkubwa kama wewe utaingia kimyakimya kama mpangaji? Ngoja kwanza nikutengenezee humu nyumba ya sifa zako. Wageni waje, wajue ukuu wako."

"Waje waangalie?"

"Kuangalia ni nini, bwana! Waingie ndani ya sifa zenyewe. Wazisikie, wazinuse, wazikanyage. Mtu akitoka aseme: leo nimekutana na Fisi."

Fisi akacheka, hii-hii-hiiii! Udenda ukamtoka, chururu. "Tengeneza. Siku ya gulio nakuja. Nisipokuta sifa zangu humo, nitaanza na hao watoto."

Mama Pelele akaingia kazini. Akamchora Fisi ukutani kwa mkaa na udongo mwekundu. Akachomeka mawe yaliyochongoka mlangoni, ndiyo meno. Akaponda mlenda, akaumwaga chini uteleze, ndio ulimi. Kisha akamwita jirani yake, Mzee Kobe, aje ajaribu, maana nyumba ya maonyesho huijui mpaka aingie mgeni.

Kobe akaingia, kwaru, kwaru, kwaru. Pelele akangoja nje. Akangoja. Akangoja tena. Akachungulia: Kobe amelala!

"Mzee Kobe! Hukuogopa hata kidogo?"

"Nimeona picha, mwanangu. Picha nzuri. Halafu humu kuna ubaridi, usingizi ukanipitia. Nisamehe."

Pelele akakaa chini akalia. Alilia kwa sauti, mbele ya jirani, wala hakujificha. Kobe, mzee wa watu, akajikokota. Akasogea, akakaa ubavuni pake. Na kwa kuwa Kobe ni Kobe, akasinzia tena.

Akakoroma: khoo!

Na kule ndani kabisa, kwenye mtungi wa maji uliokuwa mtupu, kukaitika: KHOOO! Utadhani ni tembo. Pelele akanyamaza. Akapiga chafya, chya! Mtungi nao: CHYAA!

"Mzee, amka! Tumekosea! Tusimwonyeshe mgeni kitu. Aingie na vyake, nyumba imrudishie."

Akafuta picha zote. Akaziba kila tundu la mwanga. Akaazima mitungi na vibuyu kwa majirani, akavipanga, midomo yote ikaelekea mlangoni. Mlenda akauacha palepale.

Siku ya gulio wanyama wakajaa. Fisi akaja anawasukuma. "Pisheni! Sifa ni zangu, naanza mimi. Tena peke yangu!" Pelele hakubisha. Hilo alilijua tangu mwanzo.

Fisi akaingia. Giza totoro. Akakanyaga mlenda, chwa, chwa. Na mbele yake: CHWA, CHWA.

"Nani?"

"NANI?"

Akacheka kujipa moyo, hii-hii! Mitungi yote ikacheka, HII-HII-HIIII! Fisi wa watu, maisha yake yote kicheko chake kilikuwa kikiwaendea wengine. Leo ndiyo mara ya kwanza kinamjia yeye. Akavuta pumzi, akanusa mzoga, kumbe ni pumzi yake mwenyewe. Akasaga meno, naye akasagiwa.

"Nitakutafuna!"

"NITAKUTAFUNA!"

Mama yangu! Fisi alitoka kinyumenyume, ameteleza, mlenda mpaka masikioni.

"Humo mna mtu!" akapiga kelele. "Mkubwa! Mlafi! Ananuka! Na ana njaa!"

Mama Pelele akamwambia kweli tupu: "Bwana, humo hamna mtu. Ni wewe mwenyewe."

"Usinitanie! Mimi siko hivyo!"

Akashika njia, tuku-tuku-tuku. Lakini alipofika bondeni alisimama, akageuka, akaita: "Pelele! Watoto wako usiwaache karibu na yule!" Na alisema kwa uchungu wa kweli. Pelele akamwonea huruma, karibu amwite arudi. Karibu tu.

Toka siku hiyo, kila siku ya gulio Fisi huja na mfupa, akauweka mbali kidogo na mlango, ili yule wa ndani ashibe, asije akatoka.

"Amekula?" huuliza kwa kunong'ona.

"Amekula, bwana. Anakusalimu."

Pelele hali mifupa. Huichomeka mlangoni pamoja na yale mawe, na meno ya nyumba yanazidi kuwa marefu. Watoto nao hukimbia mpaka ndani kabisa, wakaita "Mamaa!" Nyumba nayo ikaita, "MAMAA!" Na Mama Pelele, aliyeko nje anaota jua, huitikia yote mawili: "Abee! Abee!"

Hadithi hii inatufundisha nini? Inatufundisha kwamba Fisi ni jirani mwema, haji mikono mitupu, na anawajali watoto wa wenzake. Nanyi watoto, mkawe kama Fisi.

"Mlafi wangu namwondoa!"

"Mwondoe, tumemchoka!"

"Na chakula?"

"Tunakipakua sasa!"