Mumunye Mlangoni

Mumunye mlangoni nalo ni hodi. Mlinisikia nikilisema neno hilo asubuhi, Salha alipotaka kulimwaga shimoni bakuli la mbaazi tulilolikuta kizingitini, mkacheka, mkauliza mumunye na hodi vina undugu gani. Kaeni basi. Salha, sukuma huo mkeka huku ili mgongo wangu uegemee ukuta. Wanaolitumia neno hili ni sisi, lakini halikuzaliwa huku kwetu Pangani. Methali hii ilianza hivi.

Shangazi yangu Mwanahawa, mama yake Bi Batuli huyu mnayemwamkia kila sikukuu, aliolewa na Shaibu bin Faki, fundi wa mitambo. Shaibu akapata kazi Uingereza ya kutengeneza matrekta ya wakulima, kwa mkataba wa miaka miwili. Hakupelekwa mjini kwenye maghorofa. Alipelekwa shamba, kwenye kijiji kiitwacho Hollowby. Akaenda na mkewe na binti yao Batuli, aliyekuwa na miaka miwili na nusu.

Kijiji kilikuwa bondeni. Nyumba zisizozidi thelathini, za mawe ya kijivu, zimeegemeana kando ya barabara moja nyembamba. Juu yake vilima vya kijani kibichi, vimekatwa vipande kwa kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, na ndani ya kuta hizo kondoo, kama punje za mchele zilizomwagika. Palikuwa na kanisa lenye mnara mfupi, duka moja lililokuwa posta vilevile, na kijito chenye daraja ambalo watu wawili hawakuweza kupishana.

Uzuri wa mahali pale Mwanahawa aliuona. Kilichomshinda kilikuwa kimya. Mtu akikutana naye njiani humwambia, "Leo itanyesha tena," kisha hupita. Hamuulizi habari za nyumbani, wala za mtoto, wala za huko alikotoka. Yeye mvua alikuwa akiiona kwa macho yake, na hakuelewa kwa nini kila mtu amwarifu. Na kila alipopita barabarani, pazia la dirisha la nyumba ya mkabala lilitikisika. Alikaa humo mwanamke mzee peke yake, mrefu, aliyepinda kidogo kama mnazi wa ufukweni. Jina lake Bi Tansley. Tangu wahamie, hakuwa amewahi kuvuka barabara kuja kuwasalimu.

"Mtu anakutazama miezi miwili na hakuambii neno," Mwanahawa alimwambia mumewe. "Anatafuta nini?"

"Mzee huyo," Shaibu akajibu. "Hana la kufanya."

Ulipoingia mwezi wa nane, Mwanahawa alifungua mlango asubuhi akakuta mumunye kizingitini. Limelala peke yake, la kijani, nene kama paja la mtoto. Akatazama kulia na kushoto, hakuona mtu. Akalisukuma kwa ufagio hadi barabarani, akalibeba kwa kitambaa, akaenda kulitupa kijitoni kutoka darajani. Siku ya tatu akakuta jingine. Nalo akalitupa. Juma lililofuata, la tatu.

Akaenda dukani. Kiingereza chake kilikuwa cha shule, cha polepole, lakini kilimtosha kuuliza ni nani anayeweka vitu mlangoni kwake. Watu watatu waliokuwa wamesimama pale wakatazamana. Mwenye duka akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akasema, "Mwezi wa nane hapa kwetu, mama, kila mtu afunge mlango wake. Na wa gari pia." Wote wakacheka. Mwanahawa alitoka na chumvi yake mkononi, na maneno yale moyoni. Aliyasikia kama onyo.

Siku mbili baadaye yakaja mayai. Mayai matatu, juu ya kishada cha nyasi kavu.

"Matatu, Shaibu. Juu ya nyasi. Ungeyakuta njia panda kwetu, ungeyaruka?"

Shaibu alijua kweli asingeyaruka. Angezunguka. Lakini akasema, "Huenda ni zawadi."

"Zawadi ina mwenyewe, na mwenyewe ana mdomo. Mtu mwema hupiga hodi, akakaribishwa, akakaa, akasema lake. Asiyepiga hodi ana jambo."

"Hawa, uchawi wa nini huku? Watu hawa hata chumvi ya mboga wanaipima kwa kijiko."

"Wewe cheka."

Kisha Batuli akaanza kukohoa. Kilianza kama kikohozi cha baridi tu, kikashuka kifuani, kikawa kinamkatiza hata akila. Walimpeleka kwa daktari katika mji wa jirani, akasema ni kifua, kitapita. Hakikupita. Mwanahawa alimbeba mtoto siku nzima akitembea naye ndani, akimwita jina lake ili asilie, "Batuli, Batuli wangu, Batuli," na kila alipofika dirishani aliliona lile pazia la mkabala likitikisika.

Siku ya nne ya kikohozi, alifungua mlango akakuta chupa ya kioo. Mdomo wake umefunikwa kwa kitambaa chekundu na kufungwa kwa uzi mweusi, fundo juu ya fundo. Ndani mna kitu kizito, chekundu cha kuelekea weusi.

Siku hiyo Shaibu aliporudi kazini alikuta sanduku la safari karibu na mlango, limefungwa.

"Jumamosi naondoka na mtoto," Mwanahawa akamwambia. "Utakuja au utabaki, ni juu yako. Mimi sitamzika mwanangu kwenye mvua hii."

Shaibu akakaa juu ya sanduku lile. Akiuvunja mkataba, kazi aliyoihangaikia miaka mitatu imekwisha. Asipouvunja, mke na mtoto watakuwa ng'ambo na bahari katikati yao. Alivua viatu vyake, akavipanga, akamchukua mtoto mikononi ili mkewe anyooshe mgongo.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Alhamisi, Mwanahawa akakumbuka kauli ya mama yake: kitu cha kijicho ukikitupa kinarudi. Mrudishie mwenyewe mkononi, mchana kweupe, ukimtazama machoni. Kumbe yale mamumunye alikosea kuyatupa. Akamfunga Batuli mgongoni, akaishika chupa kwa ncha ya kanga, akavuka barabara.

Alipiga hodi. Yeye alipiga, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa. Hakuitikiwa, lakini nyuma ya nyumba alisikia sauti inanong'ona. Akazunguka kwa kupitia kando ya ukuta.

Bi Tansley alikuwa ameinama mbele ya masanduku manne meupe ya mbao yaliyopangwa kando ya kijito. Hakukuwa na mtu mwingine. Aligonga sanduku la kwanza kwa ufunguo, taratibu, mara tatu, akasogeza mdomo karibu, akanong'ona. Akaenda la pili, akagonga, akanong'ona. Na katika mnong'ono ule Mwanahawa akalisikia jina, limepinda kidogo lakini ni lenyewe: Batuli.

Miguu ilimwambia akimbie. Mtoto alikohoa mgongoni, na kikohozi kile kikamshikilia pale pale.

"Jina la mwanangu unalitia sandukuni la nini?"

Bi Tansley aliinuka polepole, mkono kiunoni. "Taratibu, binti yangu. Ukipaza sauti watatoka."

"Nani watatoka?"

"Nyuki."

Na kweli, mmoja alitoka kwenye tundu la chini, wa pili, wa tatu, wakazunguka kofia ya mzee yule na kurudi. Yalikuwa mizinga. Kwetu mzinga ni gogo linaloning'inizwa mtini, angejuaje?

"Nawapa habari," Bi Tansley akasema, kama mtu anayesema anaanika nguo. "Mama yangu aliwapa, na mama yake pia. Aliyezaliwa, aliyefariki, aliyehamia jirani. Nyuki wasipoambiwa hununa, wakahama."

"Na habari ya mwanangu ni ipi?"

"Kwamba anakohoa. Namsikia kupitia dirishani. Na kwamba asali yao ya mwisho nimempelekea yeye, wasidhani nimeila mimi."

Mwanahawa akaitazama chupa iliyo mkononi mwake. "Hii?"

"Hiyo. Ya maua ya mlimani, ndiyo maana ina weusi. Ni nzuri kwa kifua."

Mwanahawa hakusogea. Bi Tansley akamtazama yeye, akatazama ile ncha ya kanga iliyoishika chupa ili vidole visiguse, na nadhani hapo akaelewa jambo fulani, kwa maana hakuuliza zaidi. Aliichukua chupa, akaketi juu ya jiwe, akafungua mafundo moja moja kwa vidole vyake vilivyokakamaa. Akachovya kidole, akalamba. Kisha akanyoosha chupa mbele, akangoja.

Mwanahawa akachovya. Ilikuwa asali.

"Kwa nini hukupiga hodi?" akauliza, na sauti yake haikuwa kali tena.

"Kubisha kwa mwenye mtoto mdogo?" Mzee alishangaa kama aliyeulizwa kwa nini hakummwagia maji mtu aliyelala. "Mtoto huenda kalala. Na mama huenda ndiyo kwanza kajinyoosha, maskini. Hapa kwetu unaweka, unakwenda zako. Ukibisha, umemlazimisha akukaribishe, akuchemshie chai, akushukuru."

"Kwetu asiyebisha ni mwizi au mchawi."

Bi Tansley akafikiri. "Mwizi anachukua," akasema, "na mimi nilileta. Basi nimebaki mchawi." Akaanza kucheka bila sauti, mabega yanaruka, mpaka akashika mzinga asianguke. Batuli mgongoni akacheka kwa kumwona anacheka, na Mwanahawa, aliyekuwa hajacheka tangu mwezi wa nane uingie, akacheka huku machozi yanamtoka.

Aliponyamaza, akaona aibu. Kijito kilipita pale pale, hatua tano kutoka kwenye mizinga, kikitokea darajani. Na mumunye, wanangu, huelea.

"Uliyaona," akasema.

"Moja, mbili. La tatu lilikwama kwenye mizizi ile, nikalitoa kwa reki."

"Ukafikiri nini?"

"Mwenye duka alisema mnatuona sisi wachafu. Mimi nikasema, huenda hapendi mamumunye." Akainua mabega. "Ndiyo nikaleta mayai. Hata mimi siyapendi mamumunye. Mwezi wa nane yanazaa mno, kila mtu anamwachia mwenziwe mlangoni. Ukiacha gari wazi, unalikuta limejaa."

Mwanahawa akarudi nyumbani na chupa ameikumbatia. Njiani akakumbuka mambo ambayo macho yake yaliyaona na moyo wake ukayakataa. Mamumunye yote matatu yalikuwa yamefutwa tope. Mayai yaliwekewa nyasi yasipasuke, tena upande wa kizingiti usiofikiwa na jua. Mchawi gani anayefuta tope?

Batuli alilamba asali asubuhi na jioni, na siku ya tano kifua kikaachia. Sijui ilikuwa asali au siku zake zilitimia, na shangazi hakutaka kulijua hilo. Jumamosi Shaibu alilikuta sanduku limerudi juu ya kabati. Alipanda kiti, akalisogeza ndani zaidi.

Jumapili Mwanahawa akapika vitumbua. Akavipanga kwenye sahani, akavifunika kwa kitambaa chekundu kile kile alichokifua na kukipiga pasi, akavuka barabara, akaiweka sahani kwenye kizingiti cha Bi Tansley. Mkono ukapanda wenyewe kugonga. Akaushusha. Alituambia kwamba katika maisha yake hakuwahi kufanya jambo gumu kama kugeuka pale na kuondoka bila kupiga hodi. Akarudi kwake mbio, akajificha nyuma ya pazia, akachungulia. Kama kulikuwa na mpita njia, bila shaka aliliona pazia lile likitikisika.

Walikaa Hollowby hadi mkataba ukaisha, kisha wakarudi huku. Na shangazi akaja na mwendo wake mpya. Mtu akijifungua, akifiwa, akihamia, alikuta kizingitini nazi mbili, au bakuli la maharage, wala hamwoni aliyeleta. Watu wakaanza kunong'ona, mnatujua. Siku moja mwanamke mmoja wa mtaa ule alimfuata na kikapu mkononi, kimejaa muhogo, akamuuliza mbele za watu ana nia gani. Shangazi akamtazama, akatabasamu, akasema neno lile kwa mara ya kwanza. Wakamtaka alieleze, akaeleza kama ninavyowaeleza.

Sasa turudi kwenye bakuli letu. Nyumba ile ya geti la chuma wamehamia watu mwezi uliopita, na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kuwaona. Tumekaa tukihesabu nani anaingia, nani anatoka. Wao ndio walioanza. Salha, ulilitazama bakuli lile vizuri kabla ya kulishika? Lilifunikwa kawa ili nzi wasitue, na liliwekwa nyuma ya mtungi ambako kuku hawafiki. Zile mbaazi zina tui zito, mtu ameamka na alfajiri kukuna nazi.

Zipashe moto tule. Kisha lioshe bakuli, ulitie maembe mawili yale, maana chombo cha mtu hakirudi kitupu. Nenda ukaliweke mlangoni kwao. Ukitaka kugonga, gonga. Ukiona haya, liweke tu uje zako, watakusikia.

Mumunye mlangoni nalo ni hodi.