Maji ya Shamba Moja

Nilikuwa nasugua sufuria kwa majivu, katibu wa kamati ya mto akasimama mlangoni. "Mama Elineema, kamati imeshindwa. Kesho zamu ya kufungua lango la mfereji ni yako, basi amua wewe." Akaondoka haraka kama aliyetua mzigo wa kuni.

Sikilizeni, wanangu. Mto wetu ni mpaka: huku nchi yetu, ng'ambo nchi nyingine. Mwaka jana tulikatana mapanga kwa ajili ya maji yake. Wanawake watatu ndio waliokomesha vita: Nakijwa anajua kupima maji, Nanzia anajua kusema na watu, na Mkamburi wa ng'ambo anajua kuandika.

Nakijwa alichomeka kijiti chenye alama mtoni, akakisoma siku arobaini. Kijiti kikaonyesha wezi ni sisi. Hakuficha. Majirani wakamvunja mkono.

Nanzia mumewe aliuawa na watu wa ng'ambo. Alivuka peke yake, akamkuta muuaji, akamwambia, "Shemeji, njooni tukae kikao." Wakaja.

Mkamburi aliandika sheria, pande zote zikaweka dole gumba. Watu wanywe kwanza, kisha mifugo, mwisho mashamba. Wa juu asimkaushe wa chini. Mwizi afungiwe maji ya mifugo na shamba siku tatu, awe nani. Mwizi wa kwanza akawa mama yake mzazi. Mkamburi alisoma adhabu bila kukohoa. Ng'ombe wawili walikufa, na mpaka leo mama hamwiti mwanangu.

Sasa mto umepungua. Watu na mifugo wakishakunywa, yanabaki maji ya shamba moja, mara moja. Pande zote zimekubali apewe aliyetufaa zaidi kati ya hao watatu. Bila maji, maharage ya kila mmoja wao hayafiki Jumapili.

"Si wagawane, mama?" Elineema amedakia.

"Ukiyagawa yatanywewa na mchanga mferejini. Tena sheria inasema zamu haigawanywi. Waliitunga wao wenyewe."

"Basi wagawane mavuno."

"Shamba moja, na nyumba zao tatu zina vinywa kumi na tisa. Piga hesabu, wewe msomi."

"Na shamba letu?"

"Letu limeshakufa. Nawa mikono."

Ugali nimeshaupakua. Mmetimia watano, hakuna aliyekosa. Kati ya nyumba zile tatu, mbili hazitajua watoto wao watatimia hivi mpaka lini. Lango nalifungua alfajiri. Na wewe uliyesikiliza, usinitazame na tonge mkononi: ungemfungulia nani?