Kokoto za Kiboko

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakiazimana chumvi na kuchota maji kwa mitungi, waliishi wafinyanzi wawili kwenye ukingo mmoja wa mto. Wa kwanza Kiboko, jina lake Kitwana. Wa pili Kindi, Bi Mashavu, mdogo hata akifinyanga mtungi mkubwa unaona mkia wake tu.

Lakini mitungi yake, jamani! Haikuvuja. Wala hakuwa na uchawi. Udongo aliuchekecha, akaukanda, kisha akaupapasa kwa vidole akitafuta kokoto, maana kokoto hupasua mtungi motoni. Mtungi ukitoka motoni aliugonga. Ukijibu ngoo! unakwenda sokoni. Ukijibu bwe! anauvunja mwenyewe, vigae anavisaga na kuvichanganya kwenye udongo mpya.

"Unavunja mali yako, jirani?" Kiboko alimcheka.

"Afadhali uvunjike hapa kuliko kichwani kwa mteja," Kindi alijibu.

Kiboko hakuchekecha kitu. Alikanyaga udongo mara tatu, chwa! chwa! chwa! basi, tayari. Swala alinunua mtungi wake mmoja akafika nyumbani amelowa mgongo mzima. Wateja wakahamia kwa Kindi, na wivu ukamwingia Kiboko.

Wivu mnaujua? Mimi naujua. Niliwahi kumnunia dada yangu mwezi mzima kwa sababu chapati zake zilikuwa za duara na zangu zina pembe. Msicheke, nyie! Basi Kiboko alikuwa hivyo. Akiona mteja anapita na mtungi wa Kindi, ugali unamkwama kooni.

"Kula, baba Sikudhani," mkewe alimbembeleza.

"Nile nini? Umemwona Twiga? Mitungi miwili! Kwa kile kijitu chenye mkia!"

"Si nawe uchekeche udongo, mume wangu?"

"Mimi? Na mwili huu nishike chekeche?"

Siku moja Mama Tembo, mkubwa wa kijiji, akawaita wote wawili.

"Udongo wa ukingoni umepungua, hauwatoshi wawili," alisema. "Baada ya wiki mbili kila mmoja alete mtungi mkavu, tuuchome hapa mbele ya watu. Mtungi utakaoshika maji, mwenyewe atabaki. Mwingine atahama."

Bi Mashavu akageuka kuutazama mto. Ukingo ule ndipo alipozaliwa, ndipo mama yake alipomfundisha kazi. Angehamia wapi?

Siku iliyofuata alipokwenda kuokota kuni, Kiboko akanyata, kama kiboko anaweza kunyata: puu! puu! puu! Akamimina kokoto nyeupe kwenye udongo wa Kindi, akauvuruga.

Kindi akarudi. Udongo ule alikwisha kuuchekecha jana. Mwingine angeanza kufinyanga tu. Yeye akaupapasa tena, maana ndiyo desturi yake, na kidole kikagonga kitu.

"He! Kokoto nyeupe?"

Kokoto za rangi ile zilikuwa mahali pamoja tu, kwenye dimbwi la kuogea la Kiboko. Akachungulia nje. Kiboko alikuwa amejificha nyuma ya mgomba mmoja, tumbo huku, makalio kule.

Kindi akatabasamu. Akakata donge kubwa lenye kokoto, akalilainisha kwa maji mpaka likang'aa, akalifunga kwa jani la mgomba.

"Haya, udongo wa marehemu mama yangu!" akasema kwa sauti kubwa. "Kaa hapa dirishani. Wewe huhitaji kuchekechwa wala kupapaswa. Kesho nakufinyanga!"

Kisha akaenda mtoni.

"Loo! Hata udongo anao mzuri kuliko wangu!" Kiboko akanung'unika, roho inamuuma. Nyaku! Akalibeba.

"Lipapase kwanza, mume wangu," mkewe alimwambia.

"Ya nini? Mwenye udongo kasema hauhitaji!"

Kindi naye akachekecha upya udongo uliobaki, wote, mpaka mikono ikamfa ganzi. Akafinyanga mtungi wake, akauanika kivulini.

Siku ikafika. Mtungi wa Kiboko ulikuwa mkubwa, unang'aa, na mwenyewe akauzunguka kifua mbele. Moto ukawashwa, ukawaka vuu!

PAA! PAA! PAA!

Vigae vikaruka mpaka miguuni kwa Mama Tembo. Mtungi wa Kindi ukatolewa, ukaachwa upoe, ukagongwa: ngoo! Ukajazwa maji. Halikudondoka hata tone.

"Ameniharibia!" Kiboko akafoka. "Udongo ule ulikuwa wake!"

"Wake?" Mama Tembo akauliza. "Wewe uliupataje?"

Kiboko akaanza kufukia vigae kwa mguu.

Mama Tembo akaokota kigae, akakigeuza. Kokoto nyeupe ilikuwa imechomoza. "Na hizi ni za dimbwi la nani?"

"Ni zake, Mama," Kindi akasema. "Alizileta kwangu, nami nikamrudishia. Angepapasa mara moja tu angezikuta."

Wanyama wakaangua kicheko, kwa, kwa, kwa! Mkewe Kiboko alikuwa wa kwanza kukunja mkeka. Wakahama siku ile ile, Kiboko nyuma, akigeuka kila hatua kuutazama ule mtungi.

Bi Mashavu akaokota vigae vyote, akavichambua kokoto, akavisaga, akavichanganya kwenye udongo mpya.

Wanangu, kazi yenu ikagueni wenyewe kabla moto haujaikagua.