Jicho la Nakiete

Hapo zamani, si zamani za majini na wafalme, zamani za juzijuzi tu, huko milimani Upare palikuwa na shule yenye maabara nzuri na bomba lenye kiburi. Bomba lilitoa maji Jumatatu. Mazoezi ya kemia yalikuwa Alhamisi. Miwani ya kukinga macho ilikuwapo, mipya kabisa, imefungiwa kabatini ikingoja wakaguzi, kama vikombe vya wageni.

Nakiete alikuwa mfupi, na hakupenda kuambiwa. Alhamisi moja alitakiwa kujaza soda kali, kemikali inayounguza, kwenye bureti, ule mrija mrefu wa kioo. Kushusha stendi iliyoushika aliona atachelewa. Akainua mikono juu ya kichwa, akamimina. Faneli ya kumiminia ikafurika, soda ikamwingia katika jicho la kushoto.

Akapiga yowe.

Mlangoni palikuwa na ndoo ya maji safi. Mwanafunzi mwenzake, Mbonea, aliyachota kisimani kila Alhamisi, mwaka mzima, darasa likimcheka: "Muuza maji huyo!" Lakini alipoliona lile jicho, Mbonea alitimua mbio.

Elinihaki, kinara wa kumcheka, ndiye aliyeikamata ndoo. Akamlaza Nakiete kwenye benchi, akamfumbua jicho kwa vidole, akammwagia maji. Nakiete akamng'ata. Akammwagia. Akamkwaruza. Akammwagia.

Dakika tano zikapita. Mwalimu Mshana akasoma lebo ya chupa. "Hii ni hafifu. Inatosha, mwacheni apumzike."

Hapo Namsifu, mwanafunzi mwingine, akasimama, machozi yanamtoka. "Mwalimu, si hafifu. Juzi uliponituma kuipima niliona uvivu wa mizani. Nikakadiria kwa kijiko. Nilitia nyingi mno."

Elinihaki akaendelea kummwagia maji mpaka ndoo ikakauka, ndipo wakamkimbiza Nakiete hospitali. Daktari akasema, "Mngeacha kwenye dakika tano, jicho hili lingepofuka." Nakiete alilia kwa furaha na kwa hofu pia.

Aliporudi shuleni, mwalimu akasimama mbele ya darasa. "Kosa la miwani ni langu." Akafungua kabati, akaigawa. "Sasa nataka kiranja wa maabara. Akisema 'acheni', tunaacha wote, hata mimi. Nakiete, jicho ni lako. Chagua wewe."

Mbonea akasema, "Bila ndoo yangu wangekuosha na nini? Mate?"

Elinihaki akaonyesha mkono wenye alama za meno. "Ndoo haina mikono. Mwenye ndoo alikuwa wapi?"

Namsifu akasema polepole, "Mimi ndiye niliyekuumiza, sikatai. Lakini ningenyamaza, nani angejua? Wangeacha. Na leo hapa hakuna anayeiogopa mizani kuliko mimi."

Nakiete akawatazama. Mmoja alijiandaa, akakimbia. Mmoja hakujiandaa, akasimama imara. Mmoja alikosa, akasema kweli. Angekosekana yeyote kati yao, leo angekuwa chongo. Na wiki ijayo kidato cha kwanza wangeingia maabara kwa mara ya kwanza, mdogo wake wa mwisho akiwa miongoni mwao.

Haya, ninyi mnaosikiliza, msinitazame mimi. Je, nani alistahili? Na kama mtoto ni wako, ungetaka aingie mle akiangaliwa na nani?