Mstari wa Kijani Koridoni

Hii nimetumiwa na shemeji yangu, naye katumiwa na mtu wa kazini kwake. Ni ndefu kidogo, na najua hampendi ndefu, lakini someni. Mimi nilipofika mwisho nilirudi juu nikaisoma tena, na mnanijua mimi si mtu wa kusoma kitu mara mbili.

Palikuwa na hospitali moja ya mkoa, jina lake halitusaidii kitu. Hospitali hiyo iliachana na mafaili ya karatasi ikaingia kwenye kompyuta. Ukifika dirishani unataja jina, karani anafungua faili lako kwenye mfumo, ndipo daktari analiona chumbani kwake, maabara wanaliona, wa dawa wanaliona. Kompyuta zote hizo zilitegemea mashine moja kubwa iliyowekwa kwenye chumba chake chenye kiyoyozi.

Aliyeitunza mashine hiyo aliitwa Nestori Kihwele. Fundi kweli kweli, hilo tusimnyime. Alikuwa anakaimu ukuu wa kitengo cha kompyuta, mwaka wa tatu sasa, na aliyewahi kukaimu anaijua hali ile: kazi ni yako, kiti si chako.

Nestori alifunga tivii kubwa ukutani, kwenye korido ya ofisi ya Mganga Mfawidhi, yaani daktari mkuu wa hospitali. Humo kulikuwa na grafu mbili zinazotembea muda wote. Ya juu ilionyesha mashine inavyolemewa na kazi: ikiwa sawa mstari ni wa kijani, ikizidiwa mstari unapanda na kuwa mwekundu. Ya chini ilikuwa ndogo, nayo ilionyesha ni watu wangapi wako ndani ya mfumo kwa wakati ule. Hiyo ya chini hakuna aliyeijali.

Kila asubuhi, wagonjwa wakishajaa, mstari wa juu ulipanda ukawa mwekundu. Mashine ilikuwa imechoka. Faili moja lilichukua dakika nne kufunguka. Nestori alishaandika barua makao makuu kuomba mashine mpya, akaandika tena, na kila mara alijibiwa kwamba ombi lake linafanyiwa kazi.

Siku moja Mganga Mfawidhi, Dokta Mwasumbi, alipita koridoni na wageni. Mmoja akasimama akauliza, "Mbona pekundu hivi? Kuna hatari?" Dokta aliona aibu sana. Wageni walipoondoka akamwita Nestori.

"Kihwele, ule wekundu sitaki kuuona pale ukutani."

"Mzee, mashine imezidiwa. Grafu inasema kweli."

"Nimekuelewa, na wewe nielewe. Barua yako ya kuthibitishwa inapita mezani kwangu. Na kila mwezi ile grafu ya juu inakwenda makao makuu. Unataka wakubwa waone nini?"

Nestori alirudi chumbani kwake akawaza. Kununua mashine hawezi. Lakini kuipunguzia mashine watu anaweza. Basi akaenda dirisha la mapokezi kwa Semeni, karani mkuu, mwanamke asiyeuma maneno.

"Dada Semeni, kuanzia kesho, saa mbili mpaka saa sita msiingie kwenye mfumo. Wagonjwa waandikeni kwenye daftari, ile kaunta buku. Mchana watu wakipungua ndipo mnaingiza."

"Na faili la mtu la zamani? Daktari atajuaje mwezi uliopita alipewa nini?"

"Atamuuliza."

"Amuulize bibi wa miaka themanini jina la dawa? Kihwele, wewe ni mzima?"

"Ni kwa muda tu, dada."

Kwa muda tu! Maneno hayo, jamani, yametuponza wengi.

Ikaendelea hivyo miezi mitatu. Mstari ukalala chini, kijani tupu. Dokta Mwasumbi akawa anawasimamisha wageni pale kwa makusudi, anawaonyesha kwa kidole. Grafu ya mwezi wa kwanza ikaenda makao makuu, ya pili ikaenda, ya tatu ikaenda, na kila mara Nestori alipata salamu za pongezi.

Huku nje mambo yalikuwa mengine. Kulikuwa na bibi mmoja mgonjwa wa presha, Bibi Atuganile. Kuna dawa iliyowahi kumvimbisha miguu, na kwenye faili lake iliandikwa wazi kwamba asipewe tena. Faili halikufunguliwa. Akapewa ileile, miguu ikavimba mpaka akashindwa kuvaa ndala, akalazwa.

Semeni alimfuata Nestori. "Bibi yule yuko wodini kwa sababu ya kijani chako."

Nestori aliumia, tusiseme hakuumia. Lakini akajiambia: nikishathibitishwa tu, nitaweka mambo sawa.

Wiki hiyohiyo akaja mgeni kutoka makao makuu, Injinia Kemilembe, mama mtu mzima mwenye miwani ya kuning'inia shingoni. Aliingia saa nne asubuhi. Dokta Mwasumbi akampeleka moja kwa moja koridoni, na Nestori akasimama pembeni ya tivii, shati limenyooshwa. Alijua siku yake imefika.

Mgeni aliutazama mstari wa juu. "Hongereni. Mashine yenu imetulia kabisa."

Dokta akacheka kwa furaha. Mgeni akavaa miwani yake, akasogea karibu, akainama.

"Na hii ya chini ni ya nini?"

"Ni watu walioingia kwenye mfumo, mama," Nestori akajibu.

"Inasema wanne."

"Ndiyo, mama."

"Nimepita pale nje sasa hivi. Mabenchi yamejaa, wengine wamekaa sakafuni. Hawapungui mia mbili. Hawa wote mafaili yao yanafunguliwa na watu wanne?"

Jamaa alikumbuka kuutuliza mstari wa juu, wa chini akausahau, na yeye ndiye aliyeiweka ile grafu kwa mikono yake!

Dokta Mwasumbi akawahi. "Ni hawa makarani wetu, mheshimiwa. Kompyuta hawaipendi, wavivu. Yule mkuu wao nitampa barua ya onyo leo hii."

Nestori akamwona Semeni akilini mwake, ameshika barua ya onyo. Akaiona na barua yake mwenyewe, ile aliyoingoja miaka mitatu.

"Si makarani," akasema. "Ni mimi niliyewakataza wasiingie."

"Kwa nini?"

"Ili mstari usiwe mwekundu."

Mgeni hakufoka. Alisema tu, "Waambie waingie sasa."

Nestori akapiga simu mapokezi; makarani wakaingia, na madaktari, maabara na wa dawa wakafuata. Grafu ya chini ikatoka wanne, ikafika thelathini, ikafika themanini. Ile ya juu nayo ikapanda, ikapanda, ikawa nyekundu na kubaki hukohuko.

"Ndivyo ilivyo kila siku?"

"Kila asubuhi, mama. Nimeomba mashine mpya mpaka nimechoka."

Injinia Kemilembe alivua miwani, akapumua.

"Mashine ilikuwepo," akasema. "Moja, kwa kanda nzima. Tulizipitia grafu za miezi mitatu za hospitali zote, tukitafuta iliyolemewa kuliko nyingine. Ninyi tuliwaondoa kwenye orodha siku ya kwanza. Wiki iliyopita tumeifunga kwa jirani zenu. Mimi leo nimekuja kujifunza kwenu, mmefanyaje na mashine nzee kama hii mpaka ikatulia."

Nestori akaegemea ukuta, chini ya ile tivii.

Mgeni alipoondoka, Dokta Mwasumbi akasema kwa hasira, "Zima hiyo tivii!"

"Hapana, mzee. Iache."

Kisha Nestori akashuka mpaka wodini, akamtafuta Bibi Atuganile, akachuchumaa kando ya kitanda.

"Shikamoo, bibi. Mimi ndiye niliyefanya faili lako lisifunguliwe."

"Marahaba, mwanangu. Na lingefunguliwa, wewe ungepungukiwa na nini?"

Nestori alifikiri. Kulikuwa na ile rangi ukutani, na ile barua. Aliona haya kuvitaja vyote viwili mbele ya miguu ile.

"Nisamehe, bibi," akasema.

Mpaka leo Nestori anakaimu. Mashine nyingine wameambiwa labda mwakani. Lakini kila asubuhi makarani wanaingia kwenye mfumo, tivii ya koridoni inakuwa nyekundu, na mwisho wa mwezi grafu inakwenda makao makuu ikiwa na wekundu wake wote.

Haya, nimemaliza. Kama nawe una bosi, au wewe ndiye bosi, mtumie mwenzako.

Funzo: Kipimo kimewekwa ili kikuonyeshe panapouma. Ukikirembesha ili wakubwa wafurahi, siku msaada ukija utakupita, kwa sababu wewe mwenyewe ulisema huumwi.