Doa Lililokataa Kunywea

Tulieni niwasimulie, kisha hukumu iwe yenu. Palikuwa na wanawake watatu. Zaituni hakuwa mtu wa kutupa kitu. Daktari Nyanjige, msomaji wa picha za hospitali, hakuwa na haraka. Aikande wa maabara hakuandika asichokiona.

Mzee Ntandu aliugua saratani ya mitoki, zile tezi za shingoni na kwapani, akatibiwa, mitoki ikanywea. Baada ya mwaka akaanza kukohoa, na picha ikaonyesha doa pafuni. Mkewe, Bi Siwema, akasema, "Ni ule ule umerudi. Tumwombe Mungu, turudie dawa zile zile." Hata wa hospitali walielekea kuamini hivyo.

Zaituni, mpwa wa Mzee, akakumbuka picha za zamani za kifua chake. Alikuwa ameziba nazo dirisha la jikoni lililovunjika kioo. Akazibandua, akazifuta masizi, akapanda nazo basi hadi hospitali.

"Umeniletea picha au kikaango?" Daktari Nyanjige akamuuliza. Lakini alizipanga kwa tarehe, akazitazama asubuhi nzima. "Doa hili lilikuwapo tangu mwanzo, dogo kama punje ya mtama. Mitoki iliponywea, lenyewe lilikua. Huu si ugonjwa ule. Kinyofolewe kinyama kipimwe."

Kinyama kikafika kwa Aikande. Wakubwa wake wakamwambia aandike tu kuwa mitoki imerudi. "Kipande hakitoshi," akajibu. "Leteni kingine." Mzee akachomwa sindano mara ya pili, na Bi Siwema akamlaani binti yule kimoyomoyo. Jibu likatoka: saratani nyingine kabisa, iliyoanzia pafuni penyewe, bado changa. Ikakatwa.

Mzee alifunga Ramadhani nne zaidi. Alipokaribia kufa kwa maradhi ya moyo, alimwambia mkewe, "Mama Athumani, mjukuu tunayemngoja akiwa wa kike, mpe jina la aliyeugundua ugonjwa wangu wa pili. Usimdhulumu mtu."

Mjukuu akazaliwa, wa kike. Siku ya sita, mbuzi wa akika akiwa amefungwa uani, Zaituni alikuwa akimenya vitunguu.

"Aikande?" dada wa marehemu akauliza, Bi Siwema alipolitaja. "Hilo si la kanisani, wifi?"

"Sindano ya pili ndiyo iliyosema kweli," Bi Siwema akajibu. "Lakini bila Nyanjige hata ya kwanza isingechomwa. Na bila zile picha za dirishani..."

Alikuwa ameswali, ameomba aonyeshwe, hakuonyeshwa. Kilichomuuma zaidi ni kwamba yeye, aliyelala ubavuni mwa kikohozi kile, hakuona kitu, na ndiye aliyeachiwa kuchagua.

Kesho yake mtoto alikuwa anyolewe, aitwe jina. Nyinyi mliosikia, mngemwita nani?