Mtamba Mmoja, Mafundi Watatu

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, picha za eksirei zilipokuwa zimeacha kubebwa kwenye bahasha, hospitali za Tabora, Nzega na Urambo zilitumia ghala moja la picha. Ghala lenyewe lilikuwa kompyuta nyingi, zimetawanyika katika miji hiyo, zikifanya kazi kama kitu kimoja. Kila picha ilipoingia ghalani, taarifa ilimwendea Daktari Mhoja, msomaji wa picha hizo: "Picha imefika, itazame."

Hospitali zikaongezeka, picha zikamiminika, taarifa zikapanga foleni kama ndoo kisimani wakati wa kiangazi. Picha ya asubuhi, daktari aliarifiwa jioni.

"Mnaniletea habari za wagonjwa waliokwisha kurudi kwao!" akalalamika.

Ghala lilikuwa na mafundi watatu. Limbu akaona kwamba mtambo wa ghala ulituma taarifa moja, ukangoja jibu, ndipo utume nyingine. "Nani hubeba kuni kijiti kimoja kimoja?" akauliza. Akazifunga taarifa mafungu mafungu. Zikaenda mbio.

Lakini foleni ilikuwa bado moja. Nzega ikizidiwa, Urambo nayo ilikwama. "Kaka Limbu, mzigo umeufunga vizuri," akasema Nyamizi, "ila njia ni nyembamba." Akaipa kila hospitali njia yake. Zikaenda mbio zaidi, na wawili hao wakacheza ofisini mpaka chai ikamwagika.

Shija hakucheza. "Na umeme ukikatika taarifa zikiwa njiani?" Akaufanya mtambo uhifadhi kila taarifa mahali salama kwanza, kisha uirudie mpaka ipokewe. Kasi ikapungua kidogo.

"Shija, sisi tunakimbia, wewe unatuvuta shati!" wakalalamika wenzake.

"Nivumilieni."

Basi mchana mmoja, huko Urambo, Mzee Ngassa alimkimbiza hospitali mjukuu wake Milembe, akidhani amemeza kifungo cha shati. Picha ikapigwa, ikaingia ghalani. Siku hiyo Nzega walikuwa wakiwapima wachimbaji vifua, na njia ya Nzega ilifurika. Ya Urambo ilikuwa wazi. Mara umeme ukakatika, taarifa ya Milembe ikiwa njiani! Uliporudi, taarifa za Urambo zilizorundikana mahali salama zikatumwa upya, zote kwa fungu moja, ya Milembe ikiwamo.

Daktari Mhoja alikuwa anakula. Alipoiona picha akasukuma sahani, akapiga simu Urambo. "Hicho si kifungo! Ni betri ya saa, itamuunguza koo. Itoeni sasa hivi!"

Ikatolewa. Kesho yake Milembe alikuwa anadai uji, tena wenye sukari nyingi.

Mzee Ngassa akaja Tabora, ofisini kwa mafundi, na mtamba wa ng'ombe mwenye mimba. "Wajukuu zangu, daktari amesema shukrani ni zenu; huyu ni wa aliyemwokoa Milembe. Hachinjwi, hauzwi, hagawanywi."

"Ni wangu," akasema Limbu. "Bila mafungu yangu, babu, taarifa ya mtoto ingekuwa bado inangoja zamu."

"Fungu lako lingekwama nyuma ya vifua vya wachimbaji," akasema Nyamizi. "Njia niliifungua mimi."

Shija akacheka. "Taarifa iliyopotea ina haja gani ya njia? Ina haja gani ya mbio?"

Mzee Ngassa akawatazama mmoja mmoja, kamba mkononi, asijue ampe nani, huku mtamba akitafuna maua ya ofisi.

Haya, wenzangu mnaosikiliza: kamba ile ingekuwa mikononi mwenu, mngemkabidhi nani?